Tatu kwa Moja, Alisema Baba

Enzi zetu sisi tuliokulia London kwenye flati za kaunsili, nyumba za kupanga za serikali ya mji, mtu akitaka kusema nani atashinda mpira wa Jumamosi alisema kwa mdomo wake, mbele ya watu wanaomjua, kisha akakaa na neno lake wiki nzima. Leo vijana wanaiuliza simu. Simu inawapa asilimia, wanawarushia wenzao, na wakikosea wanasema mashine ndiyo iliyokosea. Mwanangu wa mwisho ana programu inayojua mpaka kipa ana mafua. Nikimwuliza yeye mwenyewe anaonaje, ananijibu kwa Kiingereza kwamba yeye haoni kitu, anasoma tu. Mie hucheka, halafu mawazo yananirudisha Stratford.

Tulifika huku baada ya mapinduzi ya Zanzibar, mie nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu, tukapewa flati Stratford ghorofa ya nne. Msidhani ni Stratford hii ya maduka ya vioo. Ile ilikuwa Stratford ya reli na maghala, na lifti iliyofanya kazi siku inayojisikia. Tulicheza mdako ubarazani mbele ya milango, kwa vijiwe tulivyookota kando ya reli, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na bibi wa Kiingereza wa mlango wa pili akitutazama kama aliyekuta wachawi. Jioni hita ya mafuta ya taa ikiwashwa nyumba nzima ilinuka kama kibatari, Mama akaweka maganda ya chungwa juu yake angalau tupate harufu ya maana. Viatu vya skuli vilinunuliwa vikubwa saizi mbili, vikajazwa gazeti mbele. Ukivifikia, vimeshatoboka.

Lakini raha yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye londreti. Ndivyo tulivyoliita duka la mashine za kufulia lililokuwa chini ya flati zetu. Mama alishona kwenye kiwanda cha nguo mpaka Jumamosi mchana, kwa hivyo kufua ilikuwa kazi ya Baba, jambo ambalo Unguja asingelikiri hata kwa kunong'ona. Kule alikuwa mwalimu wa skuli na refa wa mpira anayeogopwa. Huku alikuwa karani wa ghala la reli, na Jumamosi alishuka ngazi na mabunda mawili ya nguo chafu, koti kavaa na tai kafunga, kama anayekwenda kusimamia mtihani.

Ndani ya londreti mlikuwa na joto, mna benchi refu, na mna saa nzima ya kungoja. Mzanzibari umpe joto, benchi na kungoja, hapo ameshapata barza ya mazungumzo. Vioo vilijaa mvuke, sisi watoto tukichora magoli kwa vidole. Mwenye duka alikuwa Bwana Mohinder, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake cha Kenya na sauti ya kuita treni. Na alikuwako Bi Zuwena, Mpemba wa ghorofa ya pili, mjane asiye na mtoto, aliyekuja na nguo chache sana na maneno mengi sana. Alileta chai ya tangawizi kwenye flaski na kachori moto ndani ya taulo.

Kila Jumamosi walichagua mechi moja na kuibashiri. Kuwekeana kitu ilikuwa haramu, Baba hakutaka hata kusikia, lakini ubashiri usio na adhabu, alisema, ni porojo. Basi wakatunga adhabu. Aliyekosea mshindi, Jumapili alikuja kwetu akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi za wali wa watu wote. Mbuzi ile Mama aliibeba kutoka Unguja ndani ya sanduku, imefungwa kwenye kanga, na akaacha koti la sufu ili ipate nafasi. Baridi ya mwaka wa kwanza ilimfundisha, lakini hakujuta.

Nawaambia, kumwona Bwana Mohinder na kilemba chake amekaa kwenye mbuzi, magoti yamefika masikioni, nazi inaruka huku na huku, kulikuwa kunatosha kumponya mgonjwa. Bi Zuwena ndiye aliyekuna mara nyingi kuliko wote, kwa sababu alibashiri kwa mapenzi tu. Timu yenye mchezaji mwenye uso wa upole, hiyo ndiyo yake. Baba hakuwahi kukuna. Tangu mchezo ulipoanza hakukosea hata mara moja. Alisoma gazeti la michezo kama anayesahihisha madaftari, akafikiri, akatamka. Bi Zuwena alikuwa akisema kwamba siku Mwalimu atakapokaa juu ya mbuzi, yeye atapika pilau na kualika mtaa.

Na mie nilikuwa na cheo. Nilikuwa shahidi. Mambo hayakuandikwa, yaliwekwa kichwani mwangu, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimehifadhi sura nyingi kuliko watoto wote wa chuo chetu cha Qur'ani. Kila mtu aliniambia ubashiri wake, nikaurudia kwa sauti, ukawa umefungwa. Baba alinipa sharti moja: shahidi hasemi uongo, wala hatii chumvi, wala hapunguzi. Nilijiona kadhi.

Sasa mwaka ule kaka yangu Nassor alikuwa na miaka kumi na saba, yuko koleji, naye ni kipa. Mrefu, mikono kama makasia, na nywele zake kubwa zilimtia Mama huzuni. Koleji yao ikaingia fainali ya kombe la makoleji, kucheza na koleji ya Southall. Mshambuliaji wa Southall alikuwa Kulwant, mpwa wake Bwana Mohinder. Hapo londreti ikapata moto hata mashine zikiwa zimezimwa. Nani angeshughulika tena na timu kubwa za London?

Wiki moja kabla ya fainali wakakaa kubashiri. Bwana Mohinder akaanza, "Southall nne, nyinyi sufuri. Mimi siwezi kudanganya, huyo kijana nimemlisha mwenyewe." Bi Zuwena akasema Nassor wetu atashinda tano bila, na tano hizo kazipunguza ili asionekane ana pupa. Nikarudia zote. Kisha tukamgeukia Baba. Alikuwa anakunja shuka, akaimaliza pembe kwa pembe.

"Southall watashinda," akasema. "Tatu kwa moja."

Bi Zuwena akaweka kikombe chini. "Mcheza kwao hutunzwa, Mwalimu. Wewe wako unamtunza kwa mawe?"

"Bi Zuwena, ubashiri si dua," Baba akajibu. "Dua unaomba unachokitaka. Ubashiri unasema unachokiona. Beki wao mzito kugeuka. Na Nassor mpira wa juu anaudaka vizuri, lakini wa chini, mkono wake wa kushoto, hauendei. Anauogopa." Akanitazama. "Rudia, shahidi." Nikarudia, na sauti haikutoka vizuri.

Nilipopanda juu Nassor alikuwa ameketi kitandani anapaka mafuta glavu zake. Akaniuliza kama kila Jumamosi, "Enhe, wamesemaje?" Jamani, mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema nimesahau. Lakini nilikuwa shahidi. Nikamwambia yote, neno kwa neno, pamoja na ule mkono wa kushoto. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua koti mlangoni, alinifinya bega, lakini maneno yalikuwa yameshafika.

Nassor hakukasirika kwa kelele. Aliweka glavu chini. "Baba hajaja kunitazama hata siku moja," akasema. "Hata moja. Kaonea wapi?" Na hilo lilikuwa kweli. Jumamosi za mechi Baba alikuwa anafua.

Usiku ule Nassor hakuja kwenye sinia. Sisi tulikula sinia moja tangu tulipokuja, sote wanne, kila mtu na upande wake, Baba akitusogezea minofu. Nassor alijipakulia kwenye sahani ya kizungu, akaingia nayo chumbani. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Baba alipewa shikamoo yake asubuhi na jioni, akaitikia marahaba, na baina ya hizo mbili hapakuwa na neno. Upande wa Nassor kwenye sinia wali ulibaki kama ulivyopakuliwa, na Baba aliutazama, asiuguse. Mama alilia jikoni akasingizia vitunguu. Alinishika siku moja akaniambia, "Akifungwa Jumamosi, baba yake atakuwa amesema kweli, na huyu mtoto hatorudi kwenye sinia. Namjua. Ni kichwa cha baba yake." Mie ndiye niliyepeleka maneno. Nilikosa usingizi kwa mara ya kwanza katika umri wangu.

Lakini Nassor hakulala na hasira bure. Kila jioni baada ya skuli alinichukua nyuma ya flati, penye milango ya gereji. Akasimama mbele ya mlango wa bati, akaniwekea mpira. "Piga chini. Kushoto kwangu. Usinihurumie." Nikapiga. Mwanzo alikuwa anauinamia tu, bati linalia, jirani anafungua dirisha na kutupa mawaidha ambayo sitayatafsiri. Siku ya tatu akaanza kujitupa. Lami ilimchuna nyonga na kiwiko, Mama akampaka manjano na siagi, naye akarudi. Nikatoboa ncha ya kiatu changu cha skuli, gazeti likachungulia nje. Kufika Ijumaa, katika mipira kumi alikuwa anaokoa minne. Sikujua kama minne inatosha.

Jumamosi ikafika, na Bwana Mohinder akafanya jambo ambalo halijapata kuonekana. Alifunga londreti. Alifunga kwa haraka mpaka nguo za yule bibi wa mlango wa pili zikabaki ndani zinazunguka, na bibi mwenyewe nje anagonga kioo. Tukavuka London nzima kwenda Southall, treni ya chini ya ardhi kisha basi, Bi Zuwena na flaski yake, Mama kaomba ruhusa kiwandani, kavaa buibui juu ya koti. Na Baba alikuja. Hakusema anakuja. Tulipofika kituoni Stratford, kabla ya kupanda treni, tulimkuta amesimama, tai kafunga, mikono mitupu kwa kuwa leo hana mabunda ya nguo. Bi Zuwena akamwambia anafanana na mtu aliyepotelewa na mzigo.

Uwanja ulikuwa wa majani na tope, umezungushwa kamba, na upepo wa kukata masikio. Watu wa Southall walijaa, wengi wao Wahindi wa Nairobi na Kisumu, na nusu yao walitusalimu kwa Kiswahili na kutukaribisha sambusa, huku wakituahidi kipigo. Nassor alitutazama kutoka golini. Akamwona Mama, akaniona mie, akamwona Baba. Akageuka akapiga nguzo ya goli kwa kisigino.

Dakika za mwanzo beki wetu mzito aligeuka kwa uzito wake, Kulwant akapita, moja bila. Bwana Mohinder akacheza ngoma ambayo sijui jina lake. Kipindi cha pili tukarudisha, goli la kichwa, Bi Zuwena akammwagia chai refa wa pembeni kwa furaha. Moja kwa moja. Mvua ikaanza, mpira ukawa mzito, na muda ukaenda mpaka ikajulikana kwamba kama hakuna goli jingine, kombe litagawanywa, nusu mwaka huku, nusu mwaka kule. Hapo, mwisho kabisa, yule beki wetu akamwangusha Kulwant ndani ya boksi. Refa akaonyesha doa. Penalti.

Nilishika mkono wa Mama. Kulwant mwenyewe akauchukua mpira. Nassor akakaa katikati, nywele zimelala kwa mvua. Kama goli linaingia, Southall wameshinda, Baba amesema kweli, na sahani ya kizungu itaendelea kuingia chumbani. Nikamtafuta Baba nione uso wake.

Baba alikuwa amesogea mbele mpaka kamba inamkata kifua. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, viganja vimeelekea mbinguni, mvua inajaa ndani yake, na midomo inakwenda mbio. Watu wote wanamwona. Mtu yule ambaye hakupenda hata kukohoa mbele za watu.

Bi Zuwena naye akamwona. Hakuweza kujizuia. "Mwalimu, si ulisema ubashiri si dua?"

"Niache, Bi Zuwena," Baba akasema, bila kushusha mikono. "Naomba nikosee."

Kulwant akapiga. Chini, kushoto. Nassor akaenda na mpira. Nilisikia ubavu wake ukigonga tope, na mpira ukagonga glavu yake, ukatoka nje ya nguzo, ukasimama kwenye dimbwi. Bwana Mohinder akashika kilemba kwa mikono miwili. Halafu, naapa, akapiga makofi, maana uzuri wa kitu hauna mjomba. Baada ya hapo filimbi ya mwisho. Sare. Katika wabashiri wetu watatu, hakuna hata mmoja aliyetaja sare.

Nassor alipotoka uwanjani Baba alimpa mkono, wakashikana kama watu waliokutana ofisini, na Baba akaenda kumtafuta Bwana Mohinder. Nassor akaniinamia, tope mpaka kwenye kope. "Kahuzunika, eh? Kakosea."

"Kaomba dua," nikamwambia. "Penalti yote mikono iko juu. Kaomba akosee."

"Muongo wewe."

"Mie shahidi," nikasema. Akajifuta uso kwa ile glavu yenye tope, ukawa mbaya zaidi.

Jumapili kulikuwa na foleni ya mbuzi nyumbani kwetu, watu watatu wazima. Bi Zuwena akakuna yake upesi, fundi. Bwana Mohinder akakuna yake, ikaruka. Kisha Baba akavua koti, akakunja suruali, akakaa. Hakujua hata kuishika nazi. "Unakuna mpaka kifuu, Mwalimu," Bi Zuwena alimwambia, "tutakula wali wa kahawia." Alicheka mpaka akashika ukuta, na pilau aliyoahidi akaileta kweli, sufuria mbili, jirani wa Kiingereza naye akapelekewa ili asamehe nguo zake. Baba alikuwa anatokwa na jasho na anatabasamu peke yake.

Nassor akaingia jikoni. Akachuchumaa mbele ya Baba, akashika bakuli chini ya meno ya mbuzi ili nazi isimwagike. Wakaenda hivyo kwa muda, kru, kru, kru. Kisha akauliza, "Baba, ulijuaje kama kushoto siwezi?"

Baba hakuinua kichwa. "Jumanne na Alhamisi, basi la saa kumi na moja. Nilikuwa nashuka kituo kimoja kabla, kwenye uwanja wenu wa mazoezi. Nakaa nje ya uzio."

"Mbona hukuingia?"

"Ungenitazama mimi badala ya mpira."

Mchana ule sinia likawekwa, wali una vipande vya kifuu kweli, na Nassor akakaa upande wake. Baba akamsogezea mnofu. Nassor akaula. Mama akasema vitunguu vya mwaka huu vikali.

Baba ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa, na Bi Zuwena, na Bwana Mohinder. Londreti imekuwa duka la kutengeneza simu. Nassor ana wajukuu Thamesmead, na binti mmoja katika hao anacheza mpira koleji, maana siku hizi mabinti wanacheza, na katika hilo leo imeishinda jana, sibishi. Wiki iliyopita alikuwa na mechi kubwa. Kundi la ukoo kwenye simu lilijaa ubashiri kutoka Maskati mpaka Toronto, asilimia na vikatuni vya kucheka, na wengi walisema atafungwa. Akashinda. Nilipofungua simu jioni nione nani atasema nini, ubashiri wote ulikuwa umefutwa. Mmoja baada ya mwingine, ujumbe umefutwa, ujumbe umefutwa, halafu hongera, hongera, kama vile wote walijua.

Nikakaa na simu mkononi. Baba yangu alikosea mchana kweupe, mvua inanyesha, nusu ya Southall inamtazama, na sijapata kumwona tena akiwa na furaha kama siku ile.